Jazi ya Kordi Chache

Msikilizaji aliyelelewa kwenye jazi ya Marekani akisikia majina ya bendi kama Morogoro Jazz na Tabora Jazz, kisha akausikiliza muziki wenyewe, huuliza jazi iko wapi. Ana haki ya kuuliza. Jina lenyewe lilifika mapema: Dar es Salaam Jazz Band ni ya miaka ya 1930, kabla wanajazi wa Marekani Charlie Parker na Dizzy Gillespie hawajaleta bibopu na kordi zake zinazobadilika mbiombio. Huku kwetu Afrika Mashariki jazi ilikuwa bendi ya dansi, basi. Lakini muulizaji hupima kwa kibaba cha bibopu, ilhali jazi haikukaa hapo. Mwaka 1959 mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi "So What", wimbo wenye skeli mbili tu: moja kwa hatua 16, ya pili nusu toni juu yake kwa hatua 8, kisha ile ya kwanza tena kwa hatua 8. Kordi zilipopunguzwa, mpigaji alipata nafasi ya kukaa na sauti moja mpaka aijue undani wake.

Ufundi wa kukaa hivyo ndio ninaousifu, na Taita, huko Kenya, imeutolea mfano mzuri. Habel Kifoto, Mtaita aliyeongoza Maroon Commandos, bendi ya jeshi la Kenya, aliimba wimbo "Charonyi ni Wasi" kwa Kidawida, lugha ya Wataita, mwaka 1977, na nchi nzima ikaupenda bila kuijua lugha. Jina linasema ugenini ni kubaya. Kwa Voi, mji wa Taita wa reli na barabara kuu ambako kuagana ni kazi ya kila siku, jina hilo halihitaji kufafanuliwa zaidi. Sikiliza namna dansi ya aina hiyo inavyojengwa. Gitaa la ridhimu linazunguka kordi zilezile bila kuchoka. Gitaa la solo linatafuta pengo kati ya mapigo, linatia kifungu kifupi, linakirudia, halafu mara ya nne au ya tano linakichelewesha kidogo, au linakata noti ya mwisho, na wachezaji wanalisikia badiliko hilo miguuni kabla ya masikioni.

Yule muulizaji ataniambia kwamba Davis alibuni papo hapo, na hawa wapigaji wa dansi wanarudia. Tofauti ipo, siikani: saksafoni ya John Coltrane katika "So What" husafiri mbali, wakati solo ya dansi haiwezi kuwaacha wachezaji nyuma. Ila kurudia si kukosa ubunifu. Anayebuni ndani ya noti sita, mbele ya watu wanaocheza, hana pa kujificha. Akikosea pigo moja, ukumbi mzima unajikwaa. Wapuliza tarumbeta nao wananyamaza muda mrefu wakihesabu, vyombo vimeshushwa magotini, mpaka magitaa yamefungamana barabara. Hapo ndipo wanapovuta pumzi pamoja.