Laini Kwanza, Picha Baadaye

Wengi wanaofungua akaunti ya biashara Lamu huanza na picha: jua likizama nyuma ya mikoko, tanga lililojaa upepo, mlango wa kuchongwa, punda kichochoroni. Picha nzuri Lamu hazikosi, na hilo ndilo tatizo lake, kwa sababu kila mtu anazo. Mgeni aliyeko Nairobi au Milano akishaipenda picha huuliza mambo matatu: ni bei gani, nafikaje, na nitajuaje kama huyu si tapeli. Akaunti nyingi hazimjibu hata moja. Chini ya picha pameandikwa "njoo inboksi upate bei", mgeni anatuma ujumbe, mwenye akaunti yuko baharini hadi jioni, na akirudi anakuta mtu keshalipa kwingine.

Kipo chombo kimoja cha Lamu kilichojulikana duniani kupitia mitandao. Jahazi la Flipflopi lilizinduliwa Septemba 2018, limeundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya, likavikwa vipande vya malapa yapatayo 30,000. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda, na mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Kimtandao, ujanja wake ulikuwa katika jina lisilosahaulika, hashtegi moja ya #PlasticRevolution, na rangi za malapa ambazo hazipo kwenye chombo kingine chochote. Yeyote aliyelipiga picha alilitangaza bila kulipwa. Ila Flipflopi lilikuwa linanadi wazo. Halikuwa na haja ya kujibu kama Jumamosi lina nafasi ya watu wanne. Mwenye mashua ya kutembeza wageni ana haja hiyo kila siku.

Basi tuchukue nahodha wa Shela mwenye mashua moja. Kitu cha kwanza anunue laini mpya. WhatsApp ya biashara, iliyotolewa Januari 2018, haina malipo, lakini nambari moja haiwezi kukaa humo na kwenye WhatsApp ya kawaida kwa wakati mmoja. Akiihamisha nambari yake ya nyumbani, wageni na mashemeji watamfikia kwa mlango uleule. Laini isajiliwe kwa jina lake mwenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu kwetu ni kawaida kumwachia kijana mjuzi wa simu afungue kila kitu kwa laini yake. Siku akienda Mombasa kutafuta kazi, akaunti inaondoka naye, na wateja juu. Kijana anaweza kujibu ujumbe kutoka simu yake bila kumiliki chochote, kwa kuwa akaunti huruhusu vifaa vingine vinne kuunganishwa. Kisha iwekwe nambari ya siri ya tarakimu sita, iandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani. Simu za manahodha huishia majini.

Hatua inayofuata ndiyo inayowatatiza wengi, nayo ni saa za kazi. Programu inakutaka uandike unafungua lini na unafunga lini, kana kwamba una duka. Mashua haina saa hizo. Maji hujaa na kupwa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, na safari za visiwani huyafuata maji: kwa magofu ya Takwa unaingia kwenye mkono wa mikoko maji yakiwa yamejaa, na mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, nao una wakati wake. Achague "kwa miadi tu", halafu maelezo yaingie kwenye salamu inayojituma yenyewe. Mimi ningeiandika hivi: "Karibu. Saa ya kuondoka hutegemea maji. Tuambie tarehe na idadi ya watu, nasi tutakutajia saa. Tukiwa baharini, tunajibu baada ya magharibi." Na saa yoyote anayomtajia mgeni aiandike mara mbili, saa mbili asubuhi na 8:00, maana mgeni aliyeelewa vingine atafika gatini tanga limeshapotea machoni.

Katalogi hupokea hadi bidhaa 500. Nahodha wetu zamtosha nne. Tazama moja: "Takwa, nusu siku. Mashua nzima, hadi watu sita. Samaki wa kuchoma na maji ya kunywa vimo. Ada ya kuingia magofuni haimo." Kisha bei kwa shilingi. Neno "mashua nzima" lina thamani kuliko picha kumi, kwani ugomvi mwingi wa gatini ni wa mgeni aliyedhani bei ni ya safari nzima na nahodha aliyehesabu vichwa. Wapo wanaoficha bei wakiogopa wenzao watazishusha. Wenzao wanazijua tangu jana. Anayefichwa ni mteja.

Majibu ya haraka, yale yanayoitwa kwa mkwaju na neno moja, yafanye kazi ya kuelekeza. Nahodha akiandika "/fika", mgeni apate yote: ndege hutua Manda, basi huishia Mokowe, na kutoka kote huko unapanda boti. Alama ya ramani iwekwe gatini, isiwekwe nyumbani. Ramani ya simu haijui vichochoro vya Lamu. Kuhusu utapeli, dawa yake ni nambari ya Lipa na M-Pesa yenye jina lilelile lililoko kwenye akaunti, ili anayetuma arubuni aone jina analolitarajia.

Instagram ije baada ya hayo. Ukibadili kuwa akaunti ya kitaalamu unapata takwimu na kitufe cha mawasiliano. Sehemu ya jina hutafutwa, kwa hiyo "Lamu" na "mashua" yawemo. Hasara yake ni muziki: akaunti ya biashara hainyimwi nyimbo zote, lakini nyingi zinazovuma haizipati. Rekodi mlio wa tanga.

Picha za watu zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliutoza ukumbi wa starehe wa Casa Vera, Nairobi, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Shule moja iliyochapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi ilitozwa zaidi ya milioni nne. Lamu, ambako mama wa buibui hujikuta kwenye picha ya mtu akipita zake tu, adabu ilitangulia sheria. Mgeni atumiwe picha yenyewe na kuulizwa kwa maandishi, na jibu lake lihifadhiwe.

Tangazo la kulipia ni la mwisho. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022. Asikubali eneo ambalo programu inampendekezea, kwa sababu mara nyingi ni la watu walio karibu naye, na watu wa Shela hawapandi mashua kwa kutalii. Achague Nairobi, na pesa aziweke Septemba na Oktoba, watu wanapopanga Desemba. Kusi ikivuma, bahari ikiwa chafu na baadhi ya hoteli zimefungwa, mashua ipandishwe pwani ipakwe mafuta ya sifa, na katalogi irekebishwe bei.