Upande wa Chini wa Mkeka

Bibi yetu wa Kingolwira hakuusifu mkeka mpaka augeuze. Upande wa juu kila msusi anaupamba, alisema. Chini ndiko kunakoonekana alipounga, alipochoka, alipofanya haraka. Mikeka aliyotuachia nimeigeuza mara nyingi tangu tumzike. Mgeni hulazimika kuuliza upande upi ni wa kukalia.

Ukindu hukatwa ungali mchanga, jani halijafunguka, kwenye mikindu iotayo kando ya mito na mabondeni. Huanikwa juani mpaka ukijani utoke, kisha huchanwa. Hapo Bibi hakuharakishwa na mtu. Chane moja ikiwa pana kuliko wenzake, ukili wote huvutika upande, kwa hiyo alizipitia zote kwa ukucha wa kidole gumba, mbovu akazitupa jikoni. Za rangi zilichemshwa sufuriani, zambarau, kijani na nyekundu. Nyingine zikabaki nyeupe.

Ukili aliusuka akisubiri maharage yaive, akimsubiri Babu atoke shamba, akiwa na mjukuu mwenye homa amemlalia pajani. Chane aliilowesha kidogo ilainike, vidole vikapishana, na ile iliyokaribia kwisha ikachomekewa mpya bila mkono kusimama. Macho yake yalikuwa kwetu.

Kushona ndiko ninakokustaajabia zaidi. Ukili huzungushwa na kuunganishwa ukingo kwa ukingo, na ukikazwa mahali pamoja kuliko pengine, mkeka hujikunja, hautandiki. Basi ule uliosukwa msimu wa masika, mikono ikiwa imetoka kwenye jembe, ulipaswa kulingana na ule wa kiangazi. Ulilingana. Sijui namna bora ya kueleza tabia ya mtu.

Tuliishi katika nchi ya kamba. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na ukanda huu ukajulikana kwa mkonge. Katani haikuwa adimu. Bibi hakuitaka kwenye mikeka yake. Uzi wa ukindu huchakaa pamoja na mkeka, alisema, katani huukata.

Babu alilalia mikeka yake maisha yote ya ndoa yao na hakukubali godoro bila mkeka juu yake. Kila binti alipoolewa aliondoka na mkeka wake. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, hivyo watoto wa mabinti hao ni wa ukoo wake. Lakini sisi watoto wa wanawe wa kiume tulipewa mikeka yenye chane zile zile, na sikuwahi kuona tofauti ya mkono. Siku za matanga wanawake waliikalia hiyo hiyo, na nilimwona msusi mmoja kutoka Pangawe akiinua pembe taratibu, akatazama chini, akairudisha.

Limebaki gurudumu moja la ukili ambalo halijashonwa. Shangazi mkubwa anataka litunzwe kama lilivyo. Mdogo wake anataka kulishona, nami niko upande wake. Ukindu ukikaa mno hukauka na kukatika sindano inapopita, na Bibi alikwisha kusema mkeka huo ni wa nani: mjukuu anayeolewa baada ya mavuno ya mpunga.