Kamba Mpya, Rola za Zamani

Mafundi wengi wakiombwa kutoa waya wa chuma kwenye winchi ya Land Cruiser na kuweka kamba ya sintetiki, hufanya nusu ya kazi. Waya unatoka, kamba inazungushwa kwenye ngoma, gari linaondoka. Rola za kwenye bampa, ambako kamba hupita, zinabaki zilezile. Pitisha kidole juu yake: utakuta mifereji midogo yenye makali, iliyochimbwa na waya kwa miaka. Chuma kwa chuma, hakukuwa na shida. Kamba ya sintetiki, kama ile ya Dyneema, ikipita hapo, nyuzi zake hukatika mojamoja kila gari linapovutwa, na muda si mrefu ubavu wake unaota manyoya. Dawa ni kung'oa rola na kufunga mdomo wa alumini wenye kingo laini.

Sababu ya kuhama kutoka kwenye waya ipo. Mita 30 za waya wa milimita 9.5 zina kilo 11 hivi. Kamba ya milimita 10 haifiki kilo 2, na inahimili mvuto mkubwa zaidi. Waya ukikatika, uzito wote huo unarudi kwa kasi ya kuvunja mguu. Kamba hurudi kinyonge, ingawa anayesema haiumizi anadanganya: kulabu ikiruka nayo, inaua. Turubai zito juu ya kamba bado linahitajika.

Kinachosahaulika zaidi ni joto. Winchi nyingi zina breki ndani ya ngoma. Kulivuta gari kutoka topeni hakuichoshi breki hiyo. Kulishusha mtelemkoni ndiko kunakoichemsha, na tabaka la kwanza la kamba limelalia hapohapo. Joto likipita sentigredi 70 kamba huanza kupoteza nguvu, na karibu na 150 huyeyuka. Tena inateleza, ndiyo maana waya huachiwa mizunguko 5 kwenye ngoma, kamba 10.

Baada ya tope jeusi la mbuga, ioshe kwa maji mengi, maana mchanga huisaga kutoka ndani. Ikikatika porini, kila ncha huingizwa ndani ya mwenzake sentimita 70 hivi, na ikivutwa inajikaza yenyewe. Waya hauna matengenezo ya namna hiyo.

Gari la shamba linaloburuta magogo juu ya mawe na lisilooshwa, nisingeligusa. Waya wake ubaki, dereva avae glovu za ngozi.