Aurora Anapouachia Mkono

Watazamaji wengi wa Adajio ya Waridi huhesabu sekunde. Mimi huangalia kiganja. Katika tendo la kwanza la baleti ya The Sleeping Beauty, Binti Mfalme Aurora husimama juu ya ncha ya mguu mmoja, mwingine ameukunja nyuma hewani, huku wachumba wanne wakimpokea mkono kwa zamu. Kati ya mchumba na mchumba hana wa kumshika. Mwishoni jambo hilo hurudi likiwa gumu zaidi: kila mchumba kwanza humzungusha palepale alipo, ndipo amwachie.

Hatua hiyo aliitunga Marius Petipa kwa muziki wa Tchaikovsky, na ilionyeshwa St. Petersburg Januari 1890. Aurora wa kwanza alikuwa Carlotta Brianza, Mwitaliano, na Uitaliano wake una maana hapa. Marie Taglioni alipocheza La Sylphide mjini Paris mwaka 1832, viatu vyake vilikuwa vya satini laini, vimekazwa kwa nyuzi tu. Ni wachezaji wa Italia waliokuja baadaye na ncha ngumu, bapa, ya kusimamia. Leo ncha hiyo ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Jasho huilainisha, na mchezaji mkubwa aweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja.

Kwa hiyo kiatu tusikisifu kupita kiasi. Kinachomsimamisha Aurora kiko chini ya goti. Kisigino kikipanda hadi mwisho, mifupa ya nyuma ya kifundo hukutana na kubanana. Ndiyo maana aliyepanda nusunusu hutetereka kuliko aliyefika juu kabisa. Hatari ni kifundo kulalia upande wa nje, kwani hapo ndipo kinapoteguka. Misuli ya ubavuni mwa muundi hukizuia, misuli midogo ya wayo hushikilia tao, na kano ndefu ya kidole gumba hufanya kazi kubwa kuliko inavyosifiwa. Anayekunja vidole ndani ya kiatu kama anayeng'ang'ania tawi ameshaharibu yote hayo.

Nguvu hiyo hujengwa kwa zoezi lisilo na mvuto wowote: kupanda na kushuka kwa mguu mmoja, goti limenyooka. Kushuka ndiko kwenye faida, tena polepole, bila kuangusha kisigino. Mwalimu makini hampi mtoto viatu vya ncha ngumu kwa sababu ametimiza umri fulani. Humtaka kwanza apande hivyo mara nyingi, peku, bila kifundo kuyumba.

Sasa turudi kwenye kiganja. Aurora mzuri haushiki mkono wa mchumba; anaukandamiza chini, kama mtu anayeegemea meza. Akiubana, bega hupanda, uzito humwendea mwanamume, na akiachiwa huanguka upande huohuo. Utaona mkono ukitetemeka tangu kwenye kiwiko. Mchumba naye ana deni lake: baada ya kumzungusha, lazima amwache wima juu ya ncha ya mguu, kisha yeye mwenyewe asisogeze mkono hata kidogo. Makofi mengi tunayompa Aurora nusu ni yake.

Na hata akiachiwa hasimami kama nguzo. Kifundo hurekebisha bila kukoma, kidogo kidogo, kama shingo ya mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Hayo yote anayafanya mara tu baada ya kuingia jukwaani mbio na kuruka, pumzi bado haijatulia. Mchezaji Margot Fonteyn aliyapitia New York tarehe 9 Oktoba 1949, usiku ambao kundi lake la baleti, Sadler's Wells, lilijipatia jina Marekani.

Siku hizi wapo wanaorefusha msimamo wa mwisho ili ukumbi upige kelele. Kwangu mimi, Aurora aliyesimama sekunde mbili ndani ya muziki amemshinda aliyesimama tano huku kondakta akimngojea.