Wimbo wa Noeli Uliopita Mikononi mwa Wengi

Kila mwaka siku za Majilio zikielekea kwisha, wimbo mmoja hurudi katika redio, madukani na katika mazoezi ya korali zetu. Jina lake la Kiingereza ni Mary's Boy Child, maana yake mtoto mwanamume wa Maria. Vijana wanasema ni wimbo wa Boney M. Wazee wanasema hapana, ni wa Harry Belafonte. Wote wawili waliuimba kweli, lakini hakuna kati yao aliyeutunga. Leo tunataka kueleza ulikotoka, kisha kuuliza neno moja juu ya kila aliyeupokea: je, alituongoza tumtazame nani? Wimbo wa Noeli hupimwa hapo.

Mtungaji wake ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa wa North Carolina, aliyefundisha waimbaji muda wote wa maisha yake. Walioona sinema ya mwaka 1963 iitwayo Lilies of the Field, juu ya mtu mweusi anayewajengea masista kanisa dogo jangwani, walimsikia bila kumjua. Sidney Poitier anaonekana pale akiimba Amen pamoja na masista, lakini sauti ile ni ya Hairston.

Siku moja rafiki yake alimwomba wimbo kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa. Wageni wengi walikuwa watu wa visiwa vya Karibi, basi Hairston akaufanya kwa mwendo wa kalipso, yaani muziki wa Trinidad unaopenda kusimulia habari. Katika jina lake la kwanza mlikuwa na mkate wa mahindi na kinywaji cha chokoleti! Wimbo ule haukutiwa katika sahani ya santuri. Baadaye Walter Schumann, kiongozi wa korali huko Hollywood, alimwomba wimbo mpya wa Noeli. Hairston akaukumbuka ule mwendo wa karamu, akauvika maneno ya Betlehemu.

Tunaipenda sana habari hii, kwa sababu inawajibu wakristu wanaosema ya kama sauti ya karamu haistahili kumsifu Mungu. Wimbo ulikuwa wa kumfurahia mtu aliyezaliwa. Furaha ilibaki ileile, ila Mzaliwa ndiye mwingine. Bwana wetu hakuona haya kulazwa katika hori ya wanyama; atauonea haya mwendo wa kalipso? Sisi watu wa Kongo tusisahau Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza huko Kamina mwaka 1958 kwa bidii ya Padri Guido Haazen na waimbaji wake. Na mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Kwa hiyo hatuji hapa kuishitaki ngoma.

Tumsikilize Belafonte kwanza. Alizaliwa New York mwaka 1927, mama yake alitoka Jamaika, naye mwenyewe alikaa kule miaka kadhaa ya utoto wake. Aliisikia korali ya Schumann ikiimba wimbo huu, akaomba ruhusa, akautia katika sahani mwaka 1956. Mwaka uliofuata, katika Uingereza, ulikaa mbele ya nyimbo zote kwa majuma saba, na sahani zilizouzwa zilipita milioni moja. Nguvu yake ni nini? Ni upole. Belafonte haimbi kama mtu mwenye haraka. Anasimulia kama nyanya anayekaa karibu na moto na wajukuu wake, naye anayatamka maneno kwa Kiingereza cha watu wa visiwani, si kile cha shuleni. Akifika pahali Yosefu na Maria wanapokosa chumba, hatusukumi. Anatuachia nafasi tuone usiku ule, mama amechoka, milango imefungwa. Mwimbaji anasogea kando, Mtoto anaonekana. Mwaka uleule wa 1956 Mahalia Jackson naye aliuimba, kwa desturi ya nyimbo za injili za watu weusi wa Marekani. Mwendo ni mwingine, lakini yeye pia anatuacha mbele ya hori.

Sasa tuje kwa Boney M. Mwaka 1978 kundi hili, lililoundwa huko Ujerumani na Frank Farian, liliutoa wimbo upya kwa mpigo wa disko. Nao pia walifika mbele ya nyimbo zote za Uingereza wakati wa Noeli, na sahani zao zikapita milioni moja. Tusiwadharau. Liz Mitchell, anayeongoza kuimba, ni mzaliwa wa Jamaika, na sauti yake ni safi. Tena walifanya jambo moja jema. Baada ya masimulizi waliongeza sehemu mpya, Oh My Lord, ambayo ni sala ya kumshukuru Mungu aliyemtuma Mwana wake. Katekista yeyote atakubali: kwanza mtu asikie habari, kisha aijibu kwa sala. Kwa maneno, nyongeza ile ni ya haki.

Kosa liko katika mpigo. Mpigo ule haubadiliki hata kidogo. Milango inapofungwa mbele ya Maria, unapiga vile. Malaika wanapoimba, unapiga vilevile. Huzuni haina pahali pa kukaa, na furaha isiyojua huzuni ya zizi ni furaha ya karamu yoyote. Miguu inacheza kabla moyo haujasikia. Mwishoni tunakumbuka dansi, na Mtoto yuko nyuma yake, kama mgeni aliyekosa kiti.

Labda msomaji atasema tunawaonea. Basi tuwapime kwa wimbo ambao sisi wenye kusema Kiswahili tunaujua kuliko wao: Malaika. Belafonte aliuimba pamoja na Miriam Makeba katika sahani ya mwaka 1965. Boney M. wakauimba mwaka 1981. Kila mmoja wetu anajua ya kama ule ni wimbo wa maumivu: kijana anampenda msichana, lakini hana mali ya kumwoa. Makeba na Belafonte wanauimba, nasi tunamhurumia yule kijana. Boney M. wanauimba, nasi tunapiga makofi, umaskini wake umesahaulika. Hapo hakuna anayehitaji kututafsiria. Masikio yetu yenyewe ni mashahidi. Yaliyompata kijana wa Malaika ndiyo yaliyowapata Maria na Yosefu mbele ya mlango uliofungwa.

Kuna neno moja zaidi, nalo linawahusu waimbaji wote, pamoja na mtungaji. Kiitikio kinasema ya kama binadamu ataishi milele kwa sababu ya siku ya Noeli. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mtume Paulo anatufundisha kwamba kama Kristu hakufufuka, imani yetu ni bure. Noeli ni mlango, Pasaka ndiyo nyumba. Hatusemi wimbo ni wa uzushi, kwani furaha ya mlangoni ni furaha halisi. Lakini kiongozi wa korali awaeleze waimbaji wake neno hili kabla ya kuanza mazoezi, maana anayeimba asichokielewa anawafundisha wengine giza lake.

Basi, vijana wetu wa korali wakitaka kuuimba, tuwajibu nini? Tusiwakatalie. Wauimbe katika mkesha, watu wanapokusanyika kungoja Misa ya usiku, au uwanjani baada ya Misa. Ndani ya Misa yenyewe wasiuweke badala ya Utukufu au wimbo mwingine wa ibada. Kinanda cha umeme chenye mpigo uliopangwa tayari kizimwe. Mpiga ngoma wa kweli anajua kupunguza mkono pale milango inapofungwa, na kuuongeza pale malaika wanapoimba, mashine haijui. Watafsiri maneno kwa lugha ya kwao, ili nyanya aliye kwenye benchi la nyuma naye aisikie habari.

Kila kizazi kinaweza kuuvika wimbo huu nguo mpya. Hairston mwenyewe aliuvua nguo ya karamu akauvika ya Noeli, wala hatumlaumu. Ila nguo isiwe kubwa hata ikamfunika Mtoto. Wimbo ukiisha, tuulizane nyumbani: tumemwona nani? Tukijibu kwamba tumemwona mtoto wa Maria katika hori, korali imefanya kazi yake. Noeli njema kwa wote.