Mita 18 za Kwanza

Katika gereji ya jirani yangu, hapa Indiana, kuna kiti cha gari kisicho na gari. Kimefungwa juu ya ubao, na ukutani, usawa wa macho, kumetundikwa kisanduku chenye taa tatu za manjano, moja ya kijani na moja nyekundu. Kila jioni baada ya chakula mzee huyu hukaa pale, huvaa glavu zake za mashindano, hubana kitufe kwa kidole gumba, hungoja. Taa zinashuka moja moja. Anaachia. Namba inatokea: 0.031. Anaiandika, anabana tena. Hufanya hivyo mara 50 kwa jioni moja, na tukikutana dukani kesho yake hataji neno.

Mimi nimetoka Tanga, na magari niliyokua nayo ni yale ya gereji za mtaani: kubadili klachi, kuziba rejeta, kulirudisha gari barabarani kabla jua halijazama. Nilipohamia hapa, mbio za dragi niliziona ni moshi na kelele tu. Magari mawili, njia iliyonyooka, robo maili ambayo ni mita 402, na katika sekunde 10 mambo yamekwisha. Sasa ni mwaka wa tatu namshikia mzee tochi na kipimo cha upepo wa matairi, na nimeelewa kwamba huu ni ufundi wa kuondoka. Nimeelewa pia kwamba ufundi wenyewe haufanyiki siku ya mashindano. Siku hiyo watu wanapakuliwa tu; chakula kilikwisha iva zamani, jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

Jambo la kwanza alilonieleza ni saa. Kwenye mstari wa kuanzia kuna mwale unaokatiza njia, na tairi la mbele likiukata, gari limejipanga. Saa ya kwanza inaanza kijani kinapowaka na inasimama tairi linapouacha mwale: hapo anapimwa dereva. Saa ya pili inaanza tairi linapouacha mwale na inasimama mwisho wa njia: hapo linapimwa gari. Chukua magari mawili yanayowashiwa taa pamoja. Moja limekwenda kwa sekunde 10.01, lakini dereva wake alichelewa kuondoka kwa 0.080. La pili limekwenda kwa 10.05, dereva wake akachelewa kwa 0.020 tu. Jumlisha. Gari lililotumia muda mrefu zaidi njiani ndilo limetangulia kufika, na lililo na kasi zaidi linarudi nyumbani likiwa na muda mzuri na mikono mitupu.

Kwa wanariadha, mtu akiondoka kabla ya sekunde 0.100 tangu mlio wa bastola huhesabiwa kwamba amewahi, hata kama ni Omanyala aliyekimbia mita 100 kwa 9.77 pale Kasarani mwaka 2021. Sikio na mguu wa binadamu havitegemewi kuafikiana upesi kuliko hapo. Kwenye dragi, 0.000 ndiyo ukamilifu, kwa sababu kuondoka kunatangazwa. Manjano tatu huwaka kwa kufuatana, nusu sekunde kati ya moja na nyingine, kisha kijani. Mti huu wa taa, ambao wenyewe huuita mti wa Krismasi, ulianza kutumika mwaka 1963. Kabla yake alikuwapo mtu aliyesimama mbele ya magari na bendera. Dereva anayengoja kuona kijani amekwisha chelewa. Mzee huachia kitufe manjano ya mwisho inapochomoza, na ile nusu sekunde iliyobaki inaliwa na jicho, kidole, giaboksi, tairi la nyuma linalojikunja kabla ya kusukuma, na sentimita chache ambazo tairi la mbele hubingirika hadi kuutoka mwale.

Kwa hiyo kidole na gari ni lazima vifundishwe kuishi pamoja. Majira moja ya joto mzee alianza kupata taa nyekundu, yaani kuondoka kabla ya kijani, kwa sehemu ndogo kabisa ya sekunde, tena na tena. Kidole hakukigusa. Alipunguza kidogo upepo wa matairi ya mbele. Yakalala zaidi kwenye lami, yakakaa ndani ya mwale muda mrefu zaidi kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na nyekundu zikakoma. Mimi ningemwambia dereva ajizuie. Yeye alijua kwamba mazoea yaliyojengwa kwa miezi mingi usiyaguse, tafuta mahali pengine pa kulegeza.

Kuna jioni za katikati ya wiki ambapo uwanja hufunguliwa kwa majaribio tu. Hakuna kombe wala mtangazaji, na majukwaani wamekaa wake na watoto wachache wenye mablanketi. Hapo ndipo namwona akifanya kazi. Kwanza huchoma matairi: huyalowesha, huyazungusha hadi moshi mweupe utoke na mpira uanze kunata. Mara ya kwanza kuliona hilo niliwakumbuka wapiga ngoma wa kwetu wanaoweka ngoma karibu na moto wa makuti kabla ya ngoma kuanza, wakiigonga kwa vidole na kusikiliza ngozi ikivutika. Ikipoa, imelegea, ukizidisha, imepasuka. Mzee naye ana masikio yake. Huujua mpira ulio tayari kwa mlio wake kabla ya kuuona moshi.

Kisha hujipanga. Hubana kitufe, na giaboksi inashika gia ya kwanza na rivasi kwa wakati mmoja, hivyo gari halina pa kwenda. Anakanyaga mafuta hadi chini. Injini inapanda hadi mzunguko aliouchagua na inabaki hapo ikinguruma, gari zima likitetemeka. Anaachia. Rivasi inatoka, pua inainuka, uzito wote unaangukia nyuma, na kuta za matairi zinakunjamana kama nguo iliyoshikwa ngumi.

Anachotaka kukijua usiku ule kiko katika mita 18 za kwanza, yaani futi 60. Mafundi wa mbio hizi wana kanuni yao: sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa hapo, mwisho wa njia itakurudia na ziada, karibu sehemu mbili. Kinachokosewa hapo hakina pa kurekebishwa mbele. Kwa hiyo akirudi na karatasi ya muda haanzi kusoma chini palipoandikwa mwendo wa mwisho, ambapo ndipo macho yangu hukimbilia. Anasoma juu. Tairi limeteleza? Au limenata mno, injini ikazimwa pumzi? Anainama na kipimo: pauni 13 na nusu. Anaitoa ile nusu. Hagusi kitu kingine chochote.

Hapa ndipo ninapompenda fundi huyu. Kila mmoja wetu aliyewahi kushika spana anaijua hamu ya kubadili mambo matatu kwa mpigo: upepo, shokapu za mbele, mzunguko wa injini, na gari likienda vizuri ushukuru Mungu. Yeye hubadili kimoja, hukimbia, huandika, hurudi. Likiharibika hurudisha kama lilivyokuwa na kukimbia tena, ili ahakikishe kwamba kosa lilitoka pale alipodhani. Daftari lake lina safu za joto la hewa, unyevunyevu, joto la lami, hata saa ya jioni, kwa sababu hewa baridi ni nzito na huipa injini nguvu, na lami iliyochomwa na jua la mchana haishiki kama inavyoshika usiku. Jawabu la Jumatano saa mbili usiku linaweza kukudanganya Jumamosi saa nane mchana. Kwenye daftari lile kurasa za majaribio yaliyoshindwa ni nyingi kuliko za yaliyofaulu, na zote zimeandikwa kwa mwandiko uleule wa kutulia.

Mzee akitaka kunieleza thamani ya majaribio hunitajia dereva Don Garlits wa Florida. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions karibu na Long Beach, California, giaboksi ya gari la Garlits ililipuka papo hapo penye mstari wa kuanzia. Gari lilikatika vipande viwili naye akapoteza sehemu ya mguu wa kulia. Wakati huo dereva alikaa nyuma ya injini. Garlits aliamua kuiweka injini nyuma yake, jambo ambalo wengine walikwisha lijaribu na magari yakawashinda kuyanyoosha. Majira yale ya baridi, yeye na mafundi wake walilikimbiza gari jipya nalo likayumba kama la wale waliotangulia. Wakalikimbiza tena na tena, hadi walipogundua kwamba usukani ulikuwa mwepesi mno kwa mikono. Wakaupunguzia wepesi. Mwaka 1971 alikwenda nalo kwenye mashindano ya Pomona akashinda, na baada ya miaka michache hapakuwa na dereva wa daraja la juu aliyetaka kukaa nyuma ya injini. Watu wa Pomona waliona ushindi. Kazi yenyewe ilifanyika Florida, kwenye njia tupu, katika siku ambazo gari lilikataa.

Sasa ni Desemba. Theluji imefunika njia ya gereji, na gari limeinuliwa juu ya magogo, matairi yametolewa yasije yakawa bapa. Viwanja vimefungwa hadi majira ya kuchipua. Usiku huu nimetoka kutupa taka nikaona dirisha la mzee: manjano, manjano, manjano, kijani. Giza kidogo, muda wa kuandika namba. Kisha manjano tena.