Nani Yumo Katika "Pamoja Tunaweza"? Uhakiki wa Lugha ya Mradi wa Gesi wa Afungi, Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kauli tatu zilizotolewa kati ya mwaka 2021 na 2023 kuhusu mradi wa gesi asilia wa rasi ya Afungi, wilayani Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Hoja kuu ni kwamba kauli hizo zinagawa uwezo, yaani nani anaweza na nani hawezi, kwa namna inayomwacha mfanyakazi wa mkandarasi na mvuvi aliyehamishwa nje ya hesabu.

1.0 Utangulizi

Hifadhi kubwa ya gesi ilipogunduliwa katika bonde la Ruvuma, baharini, mwaka 2010, Palma ulikuwa mji mdogo wa wavuvi na wachuuzi karibu na mpaka wa Tanzania, ambako Kimwani, Kimakonde na Kiswahili husikika katika soko moja. Takribani hekta 7,000 zilitengwa Afungi. Zaidi ya kaya 500 zilitakiwa kuhama, na kijiji cha Quitunda kikajengwa ili kuzipokea. Mwaka 2019 kampuni ya Total ya Ufaransa, sasa TotalEnergies, ilichukua uendeshaji wa mradi uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 20. Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilikuwa tayari vimesambaa. Usalama na uchumi wa mradi huu vimejadiliwa kwa mapana. Hapa tunaishughulikia lugha yake, kwa kuwa lugha ndiyo inayoanza kuamua nani ahesabiwe.

2.0 Kauli ya kwanza: waliohesabiwa

Tarehe 24 Machi 2021, siku ileile ilipotangazwa kwamba ujenzi ungeanza tena, Palma ilishambuliwa. Wafanyakazi wa makandarasi na watu wengine walijihifadhi katika hoteli ya Amarula. Msafara wa magari uliojaribu kutoka hotelini tarehe 26 ulivamiwa njiani na baadhi yao wakauawa. Katika siku hizo kampuni ilieleza kwamba hapakuwa na mwathirika miongoni mwa watu walioajiriwa katika eneo la mradi la Afungi.

Kauli ya namna hiyo yaweza kuwa kweli na bado ikapotosha. Uzito wake umo katika kishazi "walioajiriwa" na katika kielezi cha mahali kinachokifuata. Dereva, mpishi au fundi wa mkandarasi aliyelala mjini alikuwa Palma kwa sababu ya mradi, lakini kisarufi hakuwamo katika sentensi. Mwandishi Alex Perry, aliyeongoza uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, alihesabu zaidi ya raia 1,000 waliouawa au kutoweka, wakiwemo wafanyakazi 55 wa makandarasi. Mwaka 2023 manusura na jamaa za marehemu walifungua malalamiko ya jinai nchini Ufaransa. Kampuni inayakana madai hayo, na wajibu wa kisheria utaamuliwa na mahakama. Lakini swali la uhakiki halingoji hukumu: mfanyakazi wa mradi ni nani, yule aliyesainiana mkataba na kampuni, au yule ambaye bila jasho lake kazi isingefanyika?

3.0 Kauli ya pili: nje ya uwezo

Tarehe 26 Aprili 2021 kampuni ilitangaza hali ambayo sheria za Kireno huiita força maior, yaani nguvu iliyo kubwa zaidi. Katika mikataba ya Kiswahili tungesema tukio lililo nje ya uwezo. Tangazo hilo lina kazi moja mahususi: anayelitoa husamehewa wajibu wake kwa muda, wala hahesabiwi kuwa amevunja mkataba. Kazi ikasimama, na ajira zilizotegemea makandarasi zikasimama pamoja nayo.

Mvuvi aliyehamishwa hana tangazo la namna hiyo. Kitenzi chenyewe kinatueleza: hama, hamisha, hamishwa. Katika hatua ya tatu mtendaji ametoweka na mtendwa amebaki peke yake na matokeo. Ahadi ya fidia au ya shamba mbadala inapochelewa kwa sababu mradi umesimama, njaa yake haisimami. Mwezi Oktoba 2025, kampuni ilipoiarifu serikali kwamba inaiondoa hali hiyo, iliomba pia kipindi cha mradi kiongezwe kwa miaka 10 na gharama za ziada za dola bilioni 4.5 zitambuliwe. Ombi hilo lina mantiki ya kibiashara: muda uliopotea una thamani. Yafaa mantiki hiyohiyo itumike kwa misimu ya kaskazi na kusi ambayo mvuvi hakuvua.

4.0 Kauli ya tatu: pamoja tunaweza

Mwezi Desemba 2022 mkuu wa kampuni alimwagiza Jean-Christophe Rufin, daktari na mwanariwaya wa Kifaransa, kuchunguza hali ya kibinadamu Cabo Delgado. Ripoti yake ya mwaka 2023 haikukosa ujasiri: ilipendekeza, kwa mfano, kukomeshwa kwa malipo ya ziada kwa askari wanaoulinda mradi. Baadaye iliundwa taasisi ya maendeleo ya jimbo, ikatengewa dola milioni 200 na kuitwa Pamoja Tunaweza.

Kuchagua Kiswahili badala ya Kireno ni ishara ya heshima kwa wenyeji, na haifai kubezwa. Hata hivyo, jina hilo lina mianya miwili. Mosi, kiambishi tu- hakisemi kama msikilizaji yumo au hayumo. "Tu" ya bodi na "tu" ya kijiji huandikwa kwa herufi zilezile. Pili, -weza hudai kijalizo. Tunaweza nini? Kuvua tena ghubani? Kulikataa eneo la makazi mapya? Kuikagua bajeti? Methali ya kidole kimoja kutovunja chawa husifu umoja, lakini katika methali hiyo kila kidole kina nguvu yake. Aidha, mizani ya kauli zote mbili ni shina moja: kampuni ilipoelemewa na wajibu, mambo yalikuwa nje ya uwezo, ilipohitaji kukubalika, tuliweza sote.

Bahari nayo haina nafsi katika sarufi hii. Wanawake waliookota chaza na kombe maji yanapokupwa wameandikwa kama wadai wa fidia, inayolipwa na kwisha, ilhali maji hukupwa kila siku. Vivyo hivyo, moshi wa gesi itakayochomwa ng'ambo hauna mpaka wa mradi. Pwani hii ilipigwa na Kimbunga Kenneth tarehe 25 Aprili 2019, na sayansi ya tabianchi inaeleza kwamba bahari yenye joto zaidi huvipa vimbunga nguvu.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu una matokeo ya kisera, hasa kwa Tanzania, ambako ardhi ya Likong'o, Lindi, imetengwa kwa mradi wa aina hiyohiyo. Kwanza, neno "mfanyakazi" lifasiliwe katika mikataba ili limjumuishe kila aliye chini ya mkandarasi, na takwimu za vifo zifuate fasili hiyo. Pili, kifungu cha tukio lililo nje ya uwezo kisisimamishe fidia, shamba mbadala wala njia ya kufika baharini. Tatu, kila taasisi inayojiita "sisi" itaje katika hati yake nani ana kura. Bila hayo, "tunaweza" itabaki kitenzi ambacho kampuni hukinyambua na kijiji hukitafsiri.